Kabla ya kupanda Bisoke

Mlima Bisoke, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, una mita 3,711. Hupandwa na kushukwa siku moja, tena jirani yake Karisimbi anafika 4,507, kwa hiyo wengi huuchukulia kimchezo. Kinachowatoa watu jasho pale ni tope.

Kwa hiyo anza na viatu. Raba ziache hotelini. Vaa mabuti yaliyokwisha kuzoea miguu yako, yanayobana kifundo, na uyafunge kwelikweli, maana kuna mahali utavuta mguu utoke na soksi tu, buti limebaki chini. Suruali iwe ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Glavu nzito za shambani usizidharau: ukiteleza, mkono utashika chochote kilicho karibu, na mara nyingi ni majani ya kuwasha, ambayo hupenya hata kitambaa chepesi.

Kibali kinatolewa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, kikate mapema. Hicho si kibali cha kutazama gorila wa hifadhi hiyo. Mkikutana nao njiani, mnapita. Asubuhi watu hukusanyika makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, Kinigi, saa moja, hivyo ni afadhali ulale Musanze, mji wa karibu, kuliko kuamka usiku wa manane Kigali. Raia wa Afrika Mashariki hahitaji viza, ila hati zake awe nazo. Mtapanda na mwongozaji pamoja na walinzi wenye silaha, kwa sababu ya nyati.

Koti la mvua beba hata Juni hadi Septemba, miezi ya kiangazi, na fulana kavu ya kubadili kileleni, maana jasho likipoa huko juu utatetemeka. Simu ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, ila usiwe wa nailoni: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008.

Kileleni kuna ziwa la kreta, yaani lililojaa kwenye shimo la volkano; lina upana wa mita 400 hivi, na mpaka unapita humohumo. Ukungu ukishuka hulioni kabisa, hata ukiwa umesimama ukingoni. Usilipie safari ukidhani picha ni haki yako.

Kushuka ndiko kunakotesa magoti. Chukua fimbo, na kama mkoba ni mzito, kodi mpagazi pale njia inapoanzia. Uwe na faranga za noti ndogondogo.