Namna ya Kumfunza Kijana Kudaka Kamba Gatini

Kijana anayeanza kazi ya mashua hapa Lamu huambiwa kwamba mikono yake ni mizito, hali kosa lake kwa kawaida ni kuisubiri kamba ifike karibu ndipo anyooshe mkono. Tangu jicho lione jambo mpaka mkono uanze kuitika hupita takribani sekunde 0.2, na katika muda huo kamba iendayo mita 10 kwa sekunde huwa imekwisha kusafiri mita 2. Mdakaji hodari, basi, huupeleka mkono pale ambapo ubongo wake umekwisha kukadiria kwamba kamba itafika.

Anzeni uani, kwa ndimu. Simama hatua nne mbele yake, mrushie polepole, na umwagize atazame bega na kiganja chako kabla ndimu haijatoka, kisha aifuate kwa macho bila kuitazama mikono yake mwenyewe.

Kabla ya kurusha, sema "Haya!", nawe urushe baada ya kituo kilekile kila mara. Mwaka 1964, William Grey Walter na wenzake huko Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba mtu akipewa ishara ya kumtahadharisha na kujua kuwa ishara ya kutenda inafuata, umeme wa ubongo wake hubadilika polepole katikati ya ishara hizo mbili, akiwa bado hajatikisa hata kidole. Mwito usio na mpango humnyima maandalizi hayo.

Akikosa, nakusihi usimkaripie. Ubongo mdogo, ulio chini kisogoni, hulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea, na tofauti hiyo ndiyo inayorekebisha mwendo unaofuata. Kwa hiyo mrushie tena vilevile, mara kadhaa, ndipo ubadilishe umbali.

Baadaye mpe kamba, kavu kwanza, kisha iliyolowa. Vidole hupangiwa nguvu ya kushika kwa kumbukumbu ya uzito uliozoeleka, na ndiyo sababu aliyejifunza kwa kamba kavu peke yake huponyokwa na ile iliyonywa maji.

Gatini mpeleke siku ya maji matulivu, si wakati kusi linapovuma kwa nguvu. Asimame hatua mbili nyuma ya ukingo, na akishaidaka kamba aipeleke moja kwa moja nguzoni, bila kuizungusha mkononi.