Somo: Hisa, vipande na hatifungani kwa sisi wa Mwanza (anza na tarehe, bei baadaye)

Wanakikundi, habari za Jumapili. Wiki iliyopita mmoja wetu aliuliza, "Mwalimu, nina milioni mbili, ninunue hisa gani?" Nami nikamuuliza, hizo milioni mbili utazihitaji lini? Akacheka, akadhani namkwepa. Somo la leo ndilo jibu lake, na nitalirefusha kwa makusudi.

Niseme mapema: mimi ni mwalimu mstaafu, sina leseni ya kushauri uwekezaji na hakuna dalali (kampuni inayonunua na kuuza hisa kwa niaba yako) anayenilipa. Nimenunua, nimeuza, nimeumia kidogo, nikajifunza.

Jingine kabla hatujaanza. Neno "hisa" linatuvuruga sana humu. Kwenye VICOBA unanunua hisa kila wiki, mwisho wa mwaka mnavunja kikundi, unapewa ulichoweka na faida juu yake. Hisa ya kampuni ni sehemu ya umiliki wa kampuni yenyewe, nayo haivunjwi. Ukishainunua, kampuni haikurudishii fedha hata ukienda na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Fedha yako inarudi pale tu mtu mwingine anapokubali kuinunua hisa hiyo, kwa bei anayoitaka yeye siku hiyo. Asiyelielewa hili asivuke kwenda hatua ya kwanza, aulize hapa hapa.

Hatua ya 1: Andika tarehe mbele ya kila fungu la fedha

Chukua daftari. Andika ulichonacho, kisha andika kila fungu litatumika lini: ada ya Januari, bati la nyumba ya Usagara, nyavu mpya, uzee. Usianze na jina la kampuni.

Fedha ya ndani ya mwaka mmoja ibaki benki, au kwenye mfuko wa uwekezaji (nitaueleza hatua ya 3) unaolipa haraka, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayoendesha mifuko hiyo. Ya miaka miwili hadi minne inaweza kukaa kwenye mfuko wa hatifungani, yaani mikopo tunayoipa Serikali au kampuni nazo zikatulipa riba. Ile ambayo miaka mitano haitaguswa, hata mtoto akiugua, hata injini ikifa, hiyo ndiyo fedha ya hisa. Ukiona haipo, haipo. Si aibu.

Kwa nini nang'ang'ania tarehe? Mwaka fulani mimi na shemeji yangu tulikuwa na boti ya dagaa. Injini ikafa mwanzoni mwa giza. Kwa wasio wa ziwani: giza ni zile siku mwezi hauwaki usiku, taa zikiwashwa dagaa wanakuja juu, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika. Giza likikupita boti ikiwa nchi kavu, mapato ya mwezi mzima yamekwenda. Nikamwambia shemeji asihofu, nina hisa. Kampuni sitaitaja. Ilikuwa kampuni nzuri, gawio, yaani fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa, lilikuwa linaingia kila mwaka. Nikaweka oda ya kuuza. Siku tatu kimya. Wiki, kimya. Hisa zile hazikuwa na wanunuzi wa kila siku. Nikashusha bei, nikashusha tena, mnunuzi akapatikana wiki ya tatu, halafu nikasubiri siku za malipo kukamilika. Fedha ilipoingia, mwezi ulikuwa unawaka juu ya Capri Point kama taa ya mkutano.

Mwaloni, kwenye soko letu la dagaa, tunalijua jambo hili bila kusoma popote. Dagaa ni wale wale. Wakikauka vizuri ni chakula cha watu, wakinyeshewa mchangani ni chakula cha kuku. Mwenye ghala anasubiri bei. Mwenye deni anauza jioni ile ile kwa yeyote aliyesimama mbele yake.

Chukueni hisa za benki ya CRDB, hesabu yake iko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Zikapanda zikapita 400. Kufikia 2019 zilikuwa zimerudi chini ya zile 150 za mwanzo. Mwaka 2024 zikawa zimepita 600. Aliyelazimika kuuza 2019 atakwambia hisa ni wizi, aliyesubiri atakwambia hisa ni neema, na wote wawili walinunua karatasi ile ile. Msinielewe vibaya lakini: zipo hisa zilizoshuka na hazijarudi hadi leo. Kusubiri hakuponyi kampuni mgonjwa.

Hatua ya 2: Fungua akaunti

Hii ni fupi. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki yenye jina lile lile herufi kwa herufi, na dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Dalali anakufungulia akaunti ya kuhifadhi dhamana (hisa na hatifungani zako), nawe unapata namba yako. Wenye simu kubwa wanaweza kutumia programu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam iitwayo Hisa Kiganjani. Mambo ya kupanda basi hadi Dar kununua hisa yaliisha zamani.

Hakikisha fedha inakwenda akaunti ya kampuni ya udalali. Ukiambiwa "nirushie kwenye namba yangu nitakununulia", funga simu.

Hatua ya 3: Anza na mfuko

Kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja hununui hisa moja moja, unanunua vipande. Meneja anakusanya fedha za watu wengi, ananunua hatifungani, hisa, na nyingine anaziweka benki. Thamani ya kipande inatangazwa, na ukitaka kutoka, mfuko wenyewe ndio unakununua. Kwa msomaji wa hatua ya 1, hapo ndipo utamu ulipo: hutafuti mnunuzi.

Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza 2005 na una hisa ndani yake, kwa hiyo unaweza kuyumba. Mfuko wa Hatifungani ulianza 2019. UTT si peke yao siku hizi, upo pia Faida Fund wa Watumishi Housing, na mingine inazidi kuja. Kabla ya kuingia uliza mambo matatu: ndani kuna nini, ada ya uendeshaji ni kiasi gani, na nikiomba fedha yangu Jumatatu naipata siku gani.

Hatua ya 4: Ukifika kwenye hisa

Weka oda yenye bei. Usimwambie dalali "ninunulie tu". Mwambie idadi na bei ya juu kabisa utakayokubali.

Halafu piga hesabu ya gharama. Ukijumlisha ya dalali, ya soko na ya mamlaka, kwa mnunuzi mdogo inafika karibu shilingi 2 kwa kila 100, na ukiuza unakatwa tena. Ukinunua za laki tano, kama elfu kumi inaondoka kuingia na elfu kumi nyingine kutoka. Bei lazima ipande kama asilimia 4 ndipo urudi ulipoanzia. Ndiyo maana wale wa kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa wanamfanyia kazi dalali.

Kabla ya kununua, tazama hisa ngapi za kampuni hiyo ziliuzwa kila siku kwa mwezi mzima. Ukiona sifuri nyingi zimepangana, kumbuka injini yangu.

Hatua ya 5: Mwambie mtu

Mke, mume, mtoto mkubwa. Mwoneshe namba ya akaunti na jina la dalali. Nimekaa kwenye msiba mmoja Igoma ambapo familia ilikuja kujua baba alikuwa na hisa kwa sababu tu ujumbe wa gawio uliingia kwenye simu yake wiki mbili baada ya mazishi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada wa Buzuruga: Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa vipande vya UTT havishuki kamwe. Ni kweli?

Marahaba dada. Aliyekuambia ameangalia mifuko ya hatifungani, ambako riba inaingia kila siku na thamani ya kipande inapanda polepole. Mfuko wenye hisa unaweza kushuka soko likishuka. Na hata ule wa hatifungani hakuna aliyekuwekea dhamana. Amana ya benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja benki ikifilisika. Vipande haviko chini ya ulinzi huo. Kinachokulinda huko ni sheria, na mali ya mfuko kutochanganywa na mali ya meneja.

Kaka wa Sengerema: Kwa nini nilipie ada ya mfuko wakati naweza kununua hatifungani ya Serikali mwenyewe?

Unaweza, kaka. Benki Kuu inaziuza kwa mnada, kuanzia shilingi milioni moja, unapitia benki yako au dalali. Zipo za miaka 2 hadi 25. Ile ya miaka 25 iliyotoka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye milioni kumi humo anapata 1,595,000 kwa mwaka, inagawanywa mara mbili, kwa hiyo 797,500 kila miezi sita. Kwa mstaafu kama mimi ni tamu sana.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 2022 mpya za miaka 25 zilitoka na riba ya asilimia 12.56. Mara moja wenye zile za zamani wakawa na mali inayogombewa, bei yake sokoni ikapanda. Igeuze: umenunua ya 12.56, kesho zinatoka za 15, nani atachukua yako kwa bei kamili? Utapunguza. Serikali itakulipa riba yako yote ukikaa hadi mwisho, ila mwisho wenyewe ni miaka 25. Mtoto wako wa darasa la tano atakuwa ana wajukuu wako. Kwa hiyo tunarudi kwenye daftari: tarehe.

Mama wa Mwaloni: Nilinunua hisa mwezi ambao walitangaza gawio, sikupata hata senti. Nimeibiwa?

Hapana mama, ulichelewa. Kampuni hutangaza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Siku hiyo jina lako lazima liwe limeshaingia, na biashara ya hisa haikamiliki siku ile ile, kwa hiyo hata kununua jana yake hakutoshi. Tena baada ya daftari kufungwa bei mara nyingi hupungua kidogo, maana mnunuzi mpya anajua gawio limeshakwenda kwa mwingine. Na ukilipata usishangae kukuta limepungua: gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijakufikia.

Muuza saruji, Igoma: Mimi biashara ya saruji naijua vizuri. Si bora niweke zote kwenye hisa za Twiga?

Unaijua, na ndiyo sababu ningesita. Ujenzi ukilala, duka lako litalala, na hisa zako zitalala siku hiyo hiyo. Utahitaji fedha wakati mbaya kabisa wa kuuza. Mwenye duka la saruji angetafuta hisa za kitu kingine, au vipande. Ukinunua CRDB na NMB nazo usijione umetawanya, zote ni benki, mvua ikinyesha zinalowa pamoja.

Kijana wa Nyegezi: Mwalimu, kuna kundi kwenye simu wanatoa asilimia 3 kwa siku. Jamaa yangu ameshalipwa mara mbili, nimeona kwa macho.

Toa kikokotoo, mwanangu. Laki moja ikikua kwa asilimia 3 kila siku bila kutolewa, mwaka mmoja tu inafika kama bilioni 4.8. Mwenye mashine hiyo anaitafutia nini laki yako?

Jamaa yako amelipwa, sibishi. Amelipwa fedha za waliokuja baada yake. Mwaka 2009 nchi hii ilikuwa na DECI, mchezo wa upatu wa namna hiyo hiyo, watu "wakapanda mbegu" na waliotangulia wakavuna kweli, wakawa mashahidi wazuri kuliko tangazo lolote. Serikali ilipoingilia, waliopanda mwishoni walibaki na stakabadhi. Angalia kama kundi hilo limo kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka. Halimo? Mjadala umekwisha.

Mwanachama wa Kirumba: Sisi Waislamu tusiochukua riba tuna mlango?

Upo. Hatifungani na mifuko yake ni riba moja kwa moja, kwa hiyo iache. Hisa za kampuni zisizo benki wala pombe ni kuzitazama moja moja. Sukuk, yaani dhamana mfano wa hatifungani zinazofuata sharia ya Kiislamu bila riba, nazo zimeingia, ya benki ya KCB ilitolewa 2022 na ikaorodheshwa sokoni. Mipaka yake muulize shehe wako, mimi hapo nakuwa mwanafunzi.

Yule wa milioni mbili: Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Laki nane ni ada ya Januari. Laki tano ni bati, lazima niezeke kabla ya vuli. Zimebaki laki saba, hizo sioni tarehe yake.

Basi tunazungumzia laki saba. Kesho saa kumi pitia nyumbani, uje na kitambulisho na namba ya akaunti ya benki. Na mama watoto umlete.