Somo: Apdeti shusha mara moja, weka kompyuta zote

Kila mwezi simu ni ileile: "Fundi, bando la ofisi limeyeyuka, kuna mtu anaangalia muvi." Hakuna muvi. Ni kompyuta kumi, kila moja inajishushia apdeti ileile. Nimelijibu hili kuanzia Chikongola, hapa Mtwara mjini, hadi Newala, nimechoka. Somo ni la Windows 11, toleo la 24H2.

1. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, washa muunganisho unaopimwa (metered connection), ili kompyuta zisijishushie zenyewe.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, soma toleo.

3. Ingia tovuti ya Microsoft Update Catalog, tafuta namba ya KB (namba ya utambulisho wa apdeti) ya mwezi. Kifurushi kikuu hutoka Jumanne ya pili, kwetu saa mbili au saa tatu usiku.

4. Hapa tulia. Ukibonyeza kushusha, kinafunguka kidirisha chenye faili zaidi ya moja. Mimi nilichukua la mwezi tu, nikalijaribu kwenye laptopu yangu, likakubali, nikapanda bodaboda hadi kwa mteja Shangani. Kompyuta ya kwanza ikakataa. Ya pili vilevile. Zilikuwa zimetoka kupigwa Windows upya, hazina KB5043080 ya Septemba 2024, ambayo ndiyo msingi. Yangu ilikuwa nayo siku nyingi. Nikarudi kimyakimya, flashi mfukoni. Kwa hiyo shusha yote, kwenye kila kompyuta yaweke kwenye folda moja tupu, C:\apdeti, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike hivi, ila weka jina halisi la faili lako la mwezi:

DISM /Online /Add-Package /PackagePath:C:\apdeti\faili-la-mwezi.msu

Ule msingi, DISM (programu ya Windows ya kuweka vifurushi) itautafuta yenyewe humo humo. Asilimia zikiganda, USIZIME. Na umeme wetu unajulikana: deskitopu isiyo na UPS usiianze.

5. Chagua Restart, si Shut down.

MASWALI

– Mkuu, mbona kwangu inagoma?
– Winver inasemaje?
– Sijaangalia, nipo saiti.
– Hatua ya 2.

– Shikamoo fundi. Flashi yangu ni gigabaiti 32, haina kitu, lakini inasema faili ni kubwa mno.
– Marahaba. Iko FAT32 hiyo, haipokei faili la kufika gigabaiti 4. Maadamu haina kitu, ifomati exFAT.

– Nimeyaweka kwenye Downloads pamoja na mengine. Kuna shida?
– Nimeandika "tupu".

– Mimi ni mwalimu, Nachingwea. Maabara ina kompyuta 14. Haziwezi kugawana zenyewe?
– Zinaweza, mwalimu, na umeuliza la maana. Kwenye Windows Update, machaguo ya ziada, kuna Delivery Optimization. Ruhusu kompyuta za mtandao wenu wa ndani pekee. Ukiruhusu na za intaneti, bando la shule litawahudumia watu msiowajua. Kwa njia hii hatua ya 1 izime, maana kwenye muunganisho unaopimwa hazigawani. Anza na moja, ikimaliza ndipo uwashe zingine.
– Basi nitafanya usiku, bando la usiku nafuu.
– Sawa. Ila kwanza safisha feni za kompyuta, maana zitakesha zikifanya kazi. Juzi nimefungua kasha la kompyuta ya ghala la korosho, vumbi limeshikana kama ukoko.
– Unasafishia nini?
– Brashi ya rangi, mpya, ya inchi moja. Feni ishike kwa kidole isizunguke.