Unataka kwenda kuona kanisa la zamani la misheni Tabora? Anza hivi

Watu wengi wakija Tabora wanakimbilia tembe la Livingstone kule Kwihara, wanapita boma la Mjerumani, jioni hao wanapanda treni wanaondoka. Sikatai, ila misheni za Mapadri Weupe wanaziacha na mimi naona huu mji huwezi kuuelewa bila hizo. Shirika lao lilianza Algiers mwaka 1868, jina likatokana na zile kanzu nyeupe, na msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo 1878 kwa miguu, wakati reli imekuja kufika hapa 1912. Piga picha huo mwendo.

Sasa, nenda Jumapili, misa ya kwanza. Kanisa tupu utaona ukuta tu, lakini likijaa watu, kwaya ikaitikia na kayamba zikalia, ndo utajua lilijengwa kwa ajili ya nini. Fika mapema kidogo uonane na sakristani, yule mtunza vyombo vya kanisa, au katekista, mwalimu wa dini, msalimie "Tumsifu Yesu Kristo", atakuitikia "Milele, amina", baada ya hapo hata kama we si Mkatoliki mlango umeshafunguka. Kinamama bebeni kitenge cha kujifunga, wanaume kofia vua mlangoni. Komunyo kama haikuhusu baki umekaa, hakuna atakayekushangaa.

Picha ni baada ya misa na kwa ruhusa. Mara ya kwanza mimi niliingia na kamera nikasimama katikati kabisa napiga tu, bibi mmoja akanishika mkono taratibu akaniambia, "Mwanangu, piga goti kwanza." Nikapiga. Nilipoinua macho nikaona ile taa nyekundu ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, inawaka, halafu benchi lililokuwa mbele yangu, pale watu wanaposhikia wakiinuka, mbao imelainika mpaka inang'aa, ni mikono tu hiyo, miaka na miaka. Hicho kwenye picha zangu hakipo.

Ukipata nafasi weka kiganja ukutani. Jua la Tabora la saa saba unalijua, ila ndani ya kuta nene za matofali unasikia ubaridi, halafu angalia tofali moja moja uone zisivyolingana.

Misheni ya Kipalapala nayo usiikose, mapadri walikuwepo pale toka miaka ya 1880, wakaondoka 1889 mambo yalipochafuka, baadaye wakarudi na 1925 ikaanza seminari. Ila vijana wanasoma pale, kwa hiyo ulizia kwanza ofisini, usijiingilie tu. Bodaboda wote wanapajua, bei mpatane kabla hujapanda. Masika barabara za vumbi zinakuwa tope, vaa viatu vya kufunga.

Ukitembelea misheni za namna hii ulizia makaburi ya mapadri. Soma mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, toa hesabu, utakuta wengine homa ziliwachukua wakiwa vijana kabisa. Halafu muulize mzee yeyote wa parokia kuhusu makatekista wa kwanza, Wanyamwezi wenzetu waliotembea kijiji hadi kijiji wakifundisha, na akikutajia majina yaandike palepale kwenye simu, maana mengi yamebaki kichwani mwa wazee tu.