Kupanga Jumamosi ya usafi ili tope lisirudi mtaroni

Tangu sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zigeuzwe kuwa siku ya usafi nchi nzima, miji ya Tanzania imeendelea kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu hujitokeza. Tatizo ni kwamba tope huzolewa, likaachwa ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha lilikotoka.

Kwa hiyo anza na gari. Wiki moja kabla, mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wapite wapime mtaro. Mtaro wa mita 100, upana nusu mita, wenye tope la sentimita 20, una mita za ujazo 10. Tope bichi ni zito: hapo kuna tani 15 au zaidi, yaani safari tatu za lori la tani 7. Guta haliwezi kazi hiyo. Kama halmashauri imeahidi safari moja tu, zibueni mita 30 mzimalize, mengine yasubiri mwezi ujao.

Kazi ianze saa 1 asubuhi, na ianzie chini, mwisho wa mtaro, maji yanakoelekea. Mkianza juu, maji na tope vitashuka hadi palipoziba na kufurika kwenye nyumba za huko. Tope liwekwe juu ya turubai, mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Mkitumia viroba vya kilo 50, jazeni nusu tu. Kilichojaa hadi mdomoni hakibebeki, na kikiburutwa kinapasuka. Chupa na mifuko itengwe mapema, maana ikishachanganyika na tope hakuna mnunuzi wa chakavu atakayeigusa. Anayeingia mtaroni avae gambuti na glovu nene, kwa sababu ya vigae na sindano. Watoto wabaki kwenye reki na mifagio.

Mbu ni hesabu nyingine kabisa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hupenda matairi, vifuu, ndoo na visahani vya maua, hasa maji yaliyotuama karibu na watu. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, hivyo usafi wa mara moja kwa mwezi haumfikii. Kumwaga maji peke yake hakutoshi pia: mayai hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huvumilia ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi, kisha funika pipa barabara. Wajumbe wa nyumba kumi wakague kila wiki, siku ileile, wakiingia hadi uani.

Faini zina nafasi yake. Moshi, iliyozoea kuongoza mashindano ya usafi ya Wizara ya Afya, haikufika hapo kwa kufagia tu. Sheria ndogo za kutupa taka ovyo zinasimamiwa kweli. Ila usimtoze mtu faini mahali ambapo kizimba cha taka kimefurika wiki nzima.

Mwisho wa kazi, mtendaji wa mtaa aandike kwenye daftari: mita zilizozibuliwa, safari za lori, na rundo lolote lililobaki, likiwa na tarehe ya kuondolewa. Rundo likivuka Jumatatu, apigiwe simu afisa afya wa kata.