Chombo kikikujia: ya kufanya kabla hamjagongana

Kijana unayeanza kushika zamu kwenye boti za Unguja na Pemba, kwanza macho. Ukiona chombo kingine, kipime kwa dira. Ngoja kidogo, kipime tena. Kikiwa kinakua na kipimo hakibadiliki, mnaelekea kugongana. Mwite nahodha hapo hapo, hata kama ndiyo kwanza amelala. Nimefanya kazi ya userahangi, yaani ukuu wa mabaharia, mpaka nywele zimeota mvi, na nahodha wa kweli hagombi kwa kuamshwa mapema.

Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, ni zilezile Malindi na Mkoani. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja akate kulia. Mkikatana njia nyote mna injini, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye ampishe, apite nyuma yake. Baharini, jahazi la tanga hupishwa na chombo cha injini, isipokuwa likiwa ndilo linalokupita kutoka nyuma. Na ukikata, kata sana. Ukikata nyuzi tano tano, mwenzako hajui kama umekata au mawimbi yamekuyumbisha.

Nje ya Nungwi na Tumbatu usiku usiitegemee rada peke yake. Mbao na tanga huonekana vibaya kwenye rada, na mashua ndogo huenda ikawa na tochi tu. Weka mtu omoni, yaani mbele kabisa ya chombo, aangalie.

Sasa tuseme mwenzako hapishi. Piga honi milio mitano mifupi ya haraka: maana yake huelewi anachofanya. Mwite kwa redio chaneli 16, lakini usizame kwenye mazungumzo ukaacha kuendesha. Nahodha akisema "Kulia kote!", mshika usukani arudie kwa sauti, "Kulia kote!", kisha aseme usukani ukishafika. Chombo kikiwa kushotoni kwako, usikate kushoto kama kuna njia nyingine.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanapiga injini nyuma na kuzungusha usukani kwa pamoja. Rafadha, yaani pangaboi la chini ya maji, ikizungushwa kinyumenyume, maji yanayopita kwenye usukani huvurugika na chombo hakigeuki unavyotaka. Ukiwa na nafasi ya kugeuka, geuka kwanza. Kumbuka pia kwamba ukikata kulia, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, hutupwa kushoto. Omo ikishampita mwenzako, rudisha usukani upande wake ili tezi nayo imwepuke.

Ikiwa hakuna tena pa kukimbilia, punguza mwendo kwa nguvu zote na usimwachie ubavu. Heri kugongwa kwa kukwaruzana, au kupokea kwa omo, kwa sababu meli za abiria zina ukuta wa kuzuia maji nyuma ya omo. Ubavuni kuna injini na watu. Funga milango ya kuzuia maji, piga kengele ya hatari, milio saba mifupi na mmoja mrefu, waondoe abiria upande utakaogongwa na wavae majaketi. Wasirundikane upande mmoja, boti italala.

Omo yako ikiingia ubavuni mwa mwenzako, usikimbilie kurudi nyuma. Mara nyingi ndiyo inayoziba tundu. Semezaneni kwanza, pimeni maji kwenye ngama, yaani sakafu ya chini ya chombo yanakokusanyika maji, za vyombo vyote viwili, na watu wake wawe tayari kushuka.