Intaneti ya kijijini na safarini Nyanda za Juu Kusini: tafuta mnara kwanza, bando baadae

Kamwene wadau, na wa Mbeya ugonile. Swali la "mtandao gani mzuri" naulizwa sana na najua huwa nawakera watu maana nawauliza na mimi, mzuri wapi? Kama uko Mbeya mjini, Iringa mjini, Mafinga, Makambako au Njombe usiumize kichwa, weka laini yoyote, Voda, Airtel, Yas (ile iliyokuwa Tigo), Halotel, TTCL, kazi zitaenda, na kama mtaa wako faiba imepita basi vuta faiba uachane kabisa na habari za bando. Shida inaanza ukishaacha lami. Huku kwetu ni milima na mabonde, kitongoji cha juu kinapata 4G safi kabisa, unashuka kidogo tu kuelekea mtoni simu inakwambia ni za dharura tu, na wote mko kijiji kimoja mwenyekiti mmoja. Kwahiyo mtu wa Tukuyu akikusifia mtandao wake wewe wa Makete usikimbilie kununua, yeye anasifia mnara wake sio kampuni.

Sa unajuaje mnara wa kwenu ni wa nani? Njia rahisi kuliko zote nenda kwa wakala wa pesa wa pale senta. Usimuulize mtandao gani mzuri, atakutajia unaompa kamisheni nzuri, we kaa pembeni angalia simu ipi anaishika muda wote na ipi imelala kwenye droo. Alafu waulize walimu na watu wa zahanati maana hao wanatuma ripoti kwa simu kila leo, wanajua ipi inakata mvua ikinyesha na umeme ukikatika. Bodaboda nao wanajua kona kwa kona. Vijiji vingi vya ndani minara imejengwa kwa ruzuku ya ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, na mara nyingi mnara wa aina hiyo una kampuni moja tu juu yake, kwahiyo hapo hakuna cha kuchagua, unachukua iliyopo. Halotel tangu waingie 2015 walijikita sana vijijini kwahiyo usiwadharau kabla hujajaribu, kuna sehemu ndio wao tu.

Ukishapata jina la mtandao azima laini au sajili, weka kwenye simu yako, alafu pima. Usipime kwa vimistari vile vya juu ya kioo, vile vinadanganya, kila simu inahesabu inavyojua yenyewe. Kwenye Android nyingi bonyeza *#*#4636#*#* ufungue taarifa za simu, kwenye Samsung jaribu *#0011#, iPhone ni *3001#12345#* kisha piga. Utaona namba yenye alama ya kutoa, inaandikwa RSRP kwa 4G, ndio nguvu ya mawimbi yanayokufikia, kipimo chake ni dBm. Ikiwa -85 hivi uko vizuri sana, -100 unafanya kazi, -110 unaanza kuvizia, ikipita -115 achana nayo au tafuta antena. Zingatia kwamba kila 10 inayoongezeka ni mara 10, yani kutoka -105 kwenda -95 sio hatua ndogo, umepata nguvu mara 10. Zunguka na simu nyumba nzima, mbele, nyuma, juu ya tenki, chini ya mparachichi, andika namba.

Ila nguvu sio spidi. Mnara unaweza kuwa unauona kwa macho na intaneti isifunguke, kwasababu kijiji kizima kiko juu ya mnara huohuo. Pima na fast.com saa 4 asubuhi, alafu pima tena saa 2 usiku watu wakiwa wametoka shamba wapo TikTok. Ile ya usiku ndio spidi yako halisi, ile ya asubuhi ni ya kujifurahisha.

Kuhusu usajili, Mtanzania ni namba ya NIDA na alama za vidole, mgeni wa nje anatumia pasipoti, nenda duka la kampuni au wakala anayeeleweka, na usikubali kabisa kuuziwa laini ambayo "imeshasajiliwa". Hiyo ni ya mtu, siku akiamua kuifunga imeenda na hela zako. Ukitaka kujua namba gani ziko kwenye kitambulisho chako piga *106#. Msafiri mwenye simu inayokubali eSIM, ile laini isiyo na kadi, malizana nayo mjini kabla hujapanda huku. Na wewe unayeletewa simu toka Marekani na ndugu, angalia kama inashika band 20 na band 28, maana 4G inayofika mbali vijijini ni ya masafa ya chini, MHz 800 na 700, baadhi ya simu za kule hazina band hizo, na ukipata ya hivyo, utabaki na 3G huku mwenzako mwenye Tecno ya kawaida anakula video.

Kifaa. Kama uko peke yako au ni safari ya siku chache simu inatosha, washa hotspoti, basi. MiFi, yani ile ruta ndogo ya mfukoni yenye betri yake, ni nzuri kwa anayezunguka, mfano wakaguzi, watu wa miradi, wanunuzi wa parachichi, ila ukiiacha kwenye chaji siku zote betri inavimba. Nyumba yenye watoto wa shule na watu wazima wenye simu zao chukua ruta ya laini, ile ya kuweka mezani, uangalie vitu viwili tu: iwe haijafungwa kwa kampuni moja, maana za promosheni ni rahisi lakini nyingi hazikubali laini nyingine na mnara wa kwenu ukibadilika umebaki na urembo, na iwe na matundu ya antena nyuma hata kama leo huna antena.

Sasa hapa kwenye kuiweka ndio watu wengi wanapoteza. Nyumba zetu ni tofali za kuchoma na bati, na bati linarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, ukiweka ruta sebuleni juu ya kabati la vyombo umeizika. Isogeze dirishani upande wa mnara, hapo tu unaweza kupata tofauti ya 10. Kama dirisha lina nondo na wavu wa mbu wa chuma itoe nje chini ya kenchi, kwenye kiboksi kisichoingia maji. Bado haitoshi? Simika mlingoti, mti mnyoofu wa mkaratusi unatosha, upite juu ya paa na juu ya migomba.

Makosa ya mafundi wetu wengi yako hapa. Anafunga antena juu kabisa, alafu anashusha waya mwembamba wa antena mita 15 mpaka sebuleni kwenye ruta. Ule waya unakula mawimbi, RG58 ya kawaida kwenye masafa ya 1800 inapoteza karibu dB 0.8 kwa kila mita, kwahiyo mita 15 umepoteza 12, kila ulichokipata kwa kupandisha antena umekirudisha kwenye waya na hela ya antena imeenda. Fanya kinyume, ruta ikae juu karibu na antena, waya wa antena uwe mita 1 au 2, kinachoshuka kiwe waya wa LAN, ule wa kuunganisha ruta na kompyuta, huo unaweza kwenda hadi mita 100 bila tatizo, chini unamalizia na WiFi ya kawaida. Antena zenyewe kwa 4G chukua mbili au moja yenye waya mbili, na ziwe zimeinama nyuzi 45 moja kulia moja kushoto. Geuza taratibu, mmoja juu mmoja chini anasoma namba. Na zile busta za kichina zinazosemwa zinavuta mtandao nyumba nzima ziache, zinavuruga mnara kwa majirani na kifaa cha aina hiyo kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kwa mama mkwe huko Rungwe tulipokuwa tunasimamisha mlingoti alikuja akasimama na kanga yake mabegani, akatuangalia weee, akasema, "Baba, hicho kitu si ndio mnaita radi ije?" Jamaa wakacheka. Lakini mama yuko sahihi kabisa, radi za Rungwe na Makete sio za kuchezea. Mlingoti wa chuma lazima uwe na waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka kwenye nondo iliyozama ardhini kwenye udongo wenye unyevu, na wingu likianza kunguruma chomoa vyote viwili, waya wa umeme na waya wa LAN. Wengi wanachomoa umeme tu wanaacha LAN, radi inapita hukohuko inaua na kompyuta.

Umeme. Ruta nyingi zinakula volti 12, na betri ya sola nayo ni 12, kwahiyo usipitishe kwenye inveta, unapoteza chaji bure. Ila betri ikiwa inachajiwa inapanda mpaka 14 na ushee, weka kale kakifaa ka kutuliza volti kanatoa 12 kamili, mafundi redio wanako, sio ghali. Hesabu: ruta ya wati 8 ukiiwasha masaa 12 ni wati-saa 96, betri ya asidi ya volti 12 na 18Ah ina kama wati-saa 216 lakini usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwahiyo inakutosha siku moja na hakuna ziada ya taa. Miezi ya ukungu huku milimani paneli inalala, jipangie betri kubwa zaidi au ruta uzime usiku. MiFi haina shida hiyo, inachaji kwenye USB ya kale kasola ka taa.

Bando sitaandika bei, zinabadilika. Menyu ni *149*01# Voda, *149*99# Airtel, *147*00# Yas, *148*66# Halotel. Piga hesabu ya matumizi kwanza. Video ya ubora wa kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, ya HD inafika 3, kikao cha Zoom chenye picha andaa GB 1 kwa saa, ukizima kamera inashuka sana. Meseji za WhatsApp ni vumbi tu, kinachokumaliza ni magrupu ya ukoo yanayojipakulia video zenyewe, ingia seting zima upakuaji wa otomatiki, na kompyuta ya Windows iambie hiyo WiFi ni ya kulipia kwa kipimo, la sivyo itavuta apdeti zake usiku bando la mwezi liishe kabla ya jogoo. Kampuni zinatakiwa zikutumie meseji bando likifika asilimia 75 na likiisha, sa ukiwa na laini ndani ya ruta hizo meseji zinaingia kwenye ruta na hakuna anayezisoma, fungua ukurasa wa ruta mara moja moja uangalie. Ukiona la mwezi linabaki kila mara nunua la wiki, usijibane kwa ajili ya kuonekana una GB nyingi.

Wa safari nao. Beba laini mbili za kampuni tofauti, simu zetu nyingi zina sehemu mbili, huo ndio ujanja wote. Pakua ramani kabla hujatoka mjini. Usipange kikao ukiwa kwenye basi mlima Kitonga au unapanda zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba, na kama umepanda TAZARA kutoka Makambako kwenda Mlimba hapo ni milima na mahandaki, soma kitabu. Kitulo juu kule ukipata mtandao simama hapohapo utume ulichonacho, usiseme nitatuma mbele. Wanaoingia Ruaha ulizeni kambi yenu mapema kama wana intaneti yao, baadhi wana dishi la setilaiti, ukishapita Tungamalenga usitegemee simu.

Watu wa setilaiti najua mtauliza Starlink. Malawi na Zambia wameanza 2023, ndio maana Tunduma na Kyela vishawishi ni vingi, ila dishi la kusajiliwa nchi nyingine halina kibali huku, kabla hujatoa hela uliza TCRA leseni ikoje kwa wakati huo, maana unaweza kunyang'anywa kifaa na ukabaki unadaiwa malipo ya mwezi.

Na mkiwa mpakani hapohapo, Tunduma, Kasumulu, hata baadhi ya sehemu za Kyela karibu na mto Songwe, simu inadaka mnara wa ng'ambo bila kukuomba ruhusa. Zima roming ya data, ingia kwenye seting za mtandao toa kuchagua otomatiki, chagua kampuni yako mwenyewe kwa mkono. Na saa pia, zima ile ya kujirekebisha yenyewe, Zambia na Malawi wako nyuma yetu saa 1, simu ikidaka mnara wao usiku inarudisha saa, alamu ya saa 10 alfajiri inakuamsha saa 11 na basi la Dar limeshaondoka.